Unyofu wa Sala: Kutasa kwa Wataita na Mfano wa Farisayo

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekuwa wakiiacha sala mikononi mwa wanateolojia. Matokeo yake, kigezo kimoja cha mimbarini kimepenya katika uhakiki bila kuhojiwa: kwamba sala nyofu ni ile inayobubujika papo kwa papo, na kwamba maneno yaliyozoeleka ni dalili ya moyo uliopoa. Mazingira ya Taita yanakipa kigezo hiki mtihani mgumu. Huko, wamishonari wa C.M.S. walianza kazi mwaka 1883 katika kilima cha Sagalla, karibu na Voi ya leo, na Wakatoliki wakafuata Bura mwaka 1892.

Wageni hao waliwakuta Wataita na sala yao, kutasa. Grace Harris, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, anakieleza kitendo hiki kuwa kiini cha dini yao. Mwenye kutasa hupiga funda la pombe ya miwa, au la maji tu, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya kuikana hasira na kuomba heri. Hasira iliyofichika moyoni, iwe ya jamaa, ya mzimu au ya Mlungu mwenyewe, iliaminika kuwa chanzo cha maradhi na maafa. Maneno hufuata mkondo unaojulikana. Hakuna anayesifiwa kwa ubunifu. Hata hivyo hakuna sala inayodai unyofu kuliko hii, maana anayetamka huku ameishikilia hasira yake hajatasa kitu. Unyofu hapa haupimwi kwa joto la usemi. Hupimwa kwa kile kilichotoka moyoni, mbele ya watu wanaohusika.

Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka 1937, ulishika njia nyingine: toba ya hadharani, ushuhuda, machozi. Nguvu yake haikanushiki. Lakini ushuhuda nao haukukawia kupata fomula zake, na mtu aweza kujivunia udhalili wake kama mwingine anavyojivunia zaka. (Ni ajabu kwamba wanaokishutumu kitabu cha sala kwa ukariri hawausikii ukariri wa ushuhuda.)

Mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, Luka 18:9–14, husomwa kwa kawaida kama hukumu dhidi ya sala ya kujionyesha. Usomaji huo haujitoshelezi. Farisayo hasemi uongo, na umbo la sala yake ni la shukrani, umbo lisilo na lawama. Kasoro imo katika sarufi: nafsi ya kwanza ndiyo mtenda wa kila tendo analolitaja, naye Mungu amebaki msikilizaji. Katika sala fupi ya mtoza ushuru nafsi hiyo imegeuka kuwa mtendwa; anayeombwa kutenda ni Mungu. Unyenyekevu wake umo ndani ya muundo wa sentensi kabla ya kuonekana katika kujipiga kifua.

Hata hivyo mfano huu na kutasa havilingani kikamilifu, na mhakiki asiharakishe kuviunganisha. Mtoza ushuru husimama mbali, peke yake. Farisayo humtaja jirani yake huyo katika sala, lakini hamwambii neno. Kwa mizani ya Kitaita wote wawili wangekuwa na deni: dharau ya mmoja, na pengine kinyongo cha mwingine, bado imo kifuani. Andiko lililo karibu zaidi na kutasa ni Mathayo 5:23–24, ambapo mwenye sadaka anaagizwa kuiacha madhabahuni na kwenda kwanza kupatana na ndugu yake. Humo sala husimamishwa katikati, na sadaka humngoja mwenyewe arudi.