Maombi ya Akina Mama wa Liberia

Nimemsikia mhubiri mmoja akiitumia filamu iitwayo Pray the Devil Back to Hell, ya mwaka 2008, kuthibitisha kwamba vita vya Liberia vilimalizwa na maombi. Filamu haisemi hivyo waziwazi, lakini humwelekeza mtazamaji huko huko. Tunawaona akina mama, Wakristo kwa Waislamu, wamevaa fulana nyeupe, wameketi uwanjani karibu na soko la samaki mjini Monrovia mwaka 2003, jua lao, mvua yao. Kisha tunawaona Accra, wamejipanga mlangoni wasiwape njia wanaume waliokuwa wakijadiliana huku nyumbani watu wanakufa. Picha zinagusa moyo, sikatai. Lakini katika miezi hiyo hiyo waasi walikuwa wakiupiga mji kwa mizinga, Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilikuwa imemshtaki Rais Charles Taylor, na majeshi ya Afrika Magharibi yalikuwa yakiingia. Filamu inayapita mambo haya upesi upesi.

Kwa maoni yangu, msomaji anayetaka kujua imani ilifanya nini hasa katika dhiki ile aiache filamu, asome kitabu cha kiongozi wao, Leymah Gbowee, Mighty Be Our Powers. Alikiandika pamoja na Carol Mithers, kikatoka mwaka 2011, mwaka ule ule alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Humo imani ina njaa. Vita vilipomfika alikuwa binti wa miaka 17. Jamaa zake walijihifadhi katika uwanja wa kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, Monrovia, wakaondoka. Tarehe 29 Julai 1990 askari wa serikali wakawaua pale watu wapatao 600. Baadaye, akiwa mama wa watoto wadogo na bila senti mfukoni, alirudi kutoka Ghana kwa basi, nauli ya mkopo, safari ya zaidi ya wiki moja. Hasira yake kwa Mungu haifichi. Mwaka 2002 aliota ndoto ya kuwakusanya wanawake waombe, akadhani ujumbe umekosea nyumba: yeye alikuwa mlevi, tena akiishi na mwanamume bila ndoa. Ilibidi wenzake wamwambie kwamba ni yeye aliyetumwa.

Mhubiri wangu hakuitaja pombe ile. Naelewa kwa nini, lakini ukiiondoa, unabaki na malaika wa fulana nyeupe, na malaika hamfundishi kitu mama anayeshinda na njaa.

Nina ugomvi na sura za mwisho. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 18 Agosti 2003, na kuanzia hapo kitabu kinazidi kutusafirisha: masomo Marekani, mikutano, majukwaa. Akina mama wa soko la samaki wanafifia. Hii ni nchi ambayo mchele peke yake uliwahi kuzusha machafuko, Aprili 1979, watu wakapigwa risasi barabarani. Nilitaka nirudishwe kwa mmoja wa wale waliokaa juani, nisikie aliomba nini bunduki ziliponyamaza na sufuria bado tupu, na kama bado aliomba akiwa bega kwa bega na jirani yake Mwislamu.