Bilioni kumi za lini?

Kopo la probiotiki huwa na namba moja kubwa mbele: bilioni 5, bilioni 10, wengine wanafika 50. Namba hiyo ndiyo inayouza. Mimi naona ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Tuanzie kiwandani. Bakteria hukuzwa kwenye matangi, hukusanywa kwa mashine inayozunguka kwa kasi, kisha hugandishwa na maji yao kuvutwa kwenye ombwe hadi wabaki unga mkavu. Baadhi hufa hapo hapo. Waliobaki wamelala tu. Unyevunyevu na joto vikiingia koponi wanaamka nusunusu, hawana chakula, wanakwisha.

Kuwahesabu ni kazi ya kizamani, na kiukweli inafurahisha. Unachanganya unga na maji maalumu, unazimua mara kumi, tena mara kumi, tena, mpaka ukimwaga kidogo kwenye sahani ya agari yaote madoa yanayohesabika, tuseme kati ya 30 na 300. Unaweka nyuzi 37 siku mbili tatu, unahesabu, unazidisha. Ila doa moja linaweza kutokana na bakteria mmoja au mnyororo mzima walioshikana. Na sahani haikuambii ni nani hasa aliyeota. Kumjua yeye na si ndugu yake, lazima upime DNA.

Kwa nini tujali undugu? Kwa sababu faida ikithibitishwa kwa streini moja haihamii kwa nyingine, hata kama zote zinaitwa Lactobacillus. Mwongozo wa FAO na WHO wa 2002 unataka lebo itaje jina mpaka streini, pamoja na idadi ya walio hai siku ya mwisho wa matumizi. Sasa soma yale maandishi madogo ya nyuma: "wakati wa kutengenezwa." Yaani unaahidiwa idadi ya siku ambayo wewe hukuwepo! Kiwanda makini huweka ziada makusudi ili wabaki wa kutosha mwishoni. Hata hiyo ina sharti, mara nyingi "hifadhi chini ya nyuzi 25". Kopo limeshuka bandarini Dar, limelala ghalani, limepanda basi hadi Babati. Kipimajoto alikuwa nacho nani?

Kuna njia nyingine, nayo imejaribiwa kwetu. Mwaka 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mwanza, walianza kutengeneza mtindi wenye streini GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Canada na NIMR. (GR-1 ilipatikana mwaka 1980 kwenye njia ya mkojo ya mwanamke mwenye afya. Usiache kunywa.) Bakteria wanazaliana karibu na mnywaji, hawasafiri miezi. Simaanishi kwamba mtindi hauna shida: maziwa yasipochemshwa vizuri wageni wanaingia, na kila chungu ni kiwanda kipya kinachohitaji kupimwa. Maziwa mgando ya kibuyu nayo ni matamu, lakini hatuwezi kuyaita probiotiki wakati streini zake hazijajaribiwa.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula ulitoka TFDA, ambayo sasa ni TMDA, ukaenda TBS. Cheti cha kiwanda kinaeleza kopo lilivyozaliwa. Ningependa sampuli zinunuliwe rafuni, hapa Babati, Kondoa, Kigoma, miezi miwili kabla ya muda kuisha, zioteshwe kwenye agari, na majibu yatangazwe kwa jina la bidhaa.