Kasa Si Kobe: Uchambuzi wa Somo la Kuchora kwa Maumbo Rahisi

Kasa anayechorwa na mtoto kwa mara ya kwanza mara nyingi hutoka kobe. Mgongo unakuwa nusu duara iliyofunikwa juu ya mstari, chini yake miguu minne mifupi yenye vidole, na kichwa kinachungulia upande mmoja. Kosa hilo halitokani na ubovu wa mkono. Mfaransa Georges-Henri Luquet, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu michoro ya watoto, alieleza kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua kuliko anachokiona. Mtoto aliyezoea kumwona kobe wa shambani humvika kasa mwili wa kobe. Somo la maumbo rahisi lina kazi mbili basi: kuchagua maumbo ambayo mkono wa mtoto unayaweza, na kuhakikisha kwamba maumbo hayo ni ya kasa kweli.

Kuhusu mkono, umri una sheria zake. Watoto wengi huweza kunakili duara wakiwa na miaka mitatu hivi, mraba wakiwa na minne au zaidi kidogo, pembetatu wakifikia mitano, na umbo la almasi wakiwa na sita au saba. Duara hufungwa kwa mzunguko mmoja usiokatika. Pembe humtaka mtoto asimamishe penseli, ageuze mwelekeo, kisha aendelee, na mstari wa mshazari ndio unaomsumbua zaidi. Kwa hiyo somo zuri huanza na maumbo ya mviringo, na pembe huachwa hadi mwisho.

Kuhusu mnyama, kielelezo kinachofaa ni kasa uziwa, mmoja wa kasa wa aina tano wanaopatikana katika bahari ya Afrika Mashariki. Gamba la mkubwa wake hufikia urefu wa mita moja hivi. Gamba hilo ni bapa kuliko la kobe, pana upande wa mabega na jembamba kuelekea mkiani. Kichwa hakiingii ndani ya gamba kama cha kobe. Miguu imekuwa mapezi: ya mbele ni marefu na ndiyo yanayosukuma maji kama makasia, ya nyuma ni mafupi na hutumika kama usukani, na jike huyatumia kufukua shimo la mayai ufukweni. Mambo haya yote huonekana vizuri kasa akitazamwa kutoka juu. Akitazamwa kutoka ubavuni, mapezi hufunikana na mtoto hurudia nusu duara yake ya kobe. Kuchagua pa kumtazamia mnyama ni uamuzi wa kwanza wa mwalimu, na ndio unaobeba somo zima.

Uchoraji wenyewe huenda kutoka kikubwa hadi kidogo. Kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, mstari mwepesi wa wima hupigwa katikati. Huo ni uti wa mchoro, na kazi yake ni kulinganisha kushoto na kulia. Juu ya mstari huo huchorwa yai lenye urefu wa sentimita 12 na upana wa 9 hivi, upande mpana ukiwa juu. Neno “yai” lina faida hapa kuliko “duaradufu”, kwa sababu mtoto anajua tayari kwamba yai lina upande mnene na upande mwembamba. Akiambiwa duaradufu, ncha zote mbili hutoka sawa na kasa anakosa mabega.

Kichwa ni yai dogo lenye urefu wa sentimita mbili na nusu, yaani kama moja ya tano ya gamba, likiunganishwa na shingo fupi. Watoto hupenda kukikuza kichwa kwa kuwa ndimo yalimo macho. Kipimo cha kidole humsaidia mtoto zaidi ya onyo: kichwa kisizidi upana wa vidole viwili vyake.

Mapezi ya mbele huchorwa kama majani marefu ya mwembe, kila moja likitoka begani na kupinda kurudi nyuma. Urefu wake uwe nusu ya gamba au zaidi kidogo. Mapezi ya nyuma ni majani mafupi na mapana yanayotoka karibu na ncha nyembamba ya yai, na katikati yake hubaki mkia mdogo kama pembetatu. Tofauti ya urefu kati ya mapezi ya mbele na ya nyuma ndiyo inayomtenga kasa na kobe hata kabla gamba halijatiwa kitu. Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuishia hapa: mayai mawili, majani manne, na jicho. Mchoro wake umekamilika kwa umri wake.

Kwa wanafunzi wa miaka minane na kuendelea, kazi iliyobaki ni vipande vya gamba. Makosa mengi hutokea hapa, kwa sababu mchoraji hujaza mgongo kwa vyumba kama vya sega la nyuki bila hesabu. Gamba la kasa uziwa lina hesabu yake. Mstari wa kati una vipande vikubwa 5, na kila ubavu una vipande 4, hivyo jumla ni 13. Pembeni mwa gamba huzunguka ukanda wa vipande vidogo.

Njia ya kuvichora haihitaji mtoto kujua kuchora pembe sita. Kwanza, yai dogo huchorwa ndani ya lile kubwa ili kupata ukanda wa pembeni. Pili, mistari miwili hushushwa kutoka juu hadi chini ili kupata njia ya kati, nayo hugawanywa kwa mistari mifupi 4 ya mlalo, vikatokea vipande 5. Tatu, kila upande hupigwa mistari 3 kuelekea pembeni. Mistari hiyo huanza katikati ya ubavu wa kipande cha pili, cha tatu na cha nne, wala haianzi kwenye mipaka ya vipande hivyo. Mwisho, mahali kila mstari unapoanzia husukumwa nje kidogo kuwa ncha. Vipande vitatu vya kati huwa na pembe sita vyenyewe, bila mtoto kuambiwa neno hilo. Mistari ya pembeni ikianzia kwenye mipaka, gamba hugeuka kuwa madirisha, na hilo ni kosa ambalo mwalimu huliona akiwa bado mbali na dawati.

Baada ya hapo mistari ya msaada hufutwa, na mzingo wa nje hupitiwa kwa mkono wenye uhakika zaidi. Rangi nayo ina mtego. Wazungu humwita kasa uziwa “kasa wa kijani” kwa sababu ya mafuta yaliyo chini ya gamba lake, lakini gamba lenyewe mara nyingi ni la kahawia au zeituni lenye michirizi, na tumbo ni jeupe lenye unjano. Kalamu ya kahawia basi ndiyo ya kushika kwanza.

Ubora wa njia hii huonekana mnyama anapobadilishwa. Kwa kasa wa aina ya ng'amba, yai na majani hubaki, lakini mdomo huchongoka kama wa ndege na vipande vya gamba hulaliana kama vigae vya paa. Kwa kasa wa aina ya noa, vipande havipo kabisa. Mahali pake hupita matuta marefu kutoka shingoni hadi mkiani. Mtoto aliyejifunza muundo hubadilisha sehemu mbili tatu, ilhali aliyekariri picha ya ubaoni hulazimika kuanza upya.

Njia hii ina hatari yake pia. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1947, alipinga vitabu vya kupaka rangi kwa hoja kwamba humzoeza mtoto kutegemea mchoro wa mtu mzima. Hoja hiyo hugusa pia maumbo ya ubaoni, iwapo wanafunzi arobaini watatoka na kasa arobaini wanaofanana. Tiba yake ni kuyaacha maumbo yabaki mifupa tu: baada ya hatua ya mapezi, ubao hufutwa, na kila mtoto huamua kasa wake anaelekea wapi, anakula nyasi za bahari au anapanda ufukweni kutaga, na bahari yake ina nini kingine.

Kipimo cha somo ni rahisi. Baada ya siku chache wanafunzi huombwa wachore kasa na kobe kwenye karatasi moja bila kielelezo. Wanyama wawili tofauti wakitokea, mmoja na makasia na mwingine na miguu, somo limefika.