Kusoma Mishipa Nyuma ya Mboni

Kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, kiharusi hutajwa pale mdomo umeshapinda na mkono umeshalegea. Kumbe kuna mahali pamoja mwilini ambapo mishipa ya damu huonekana wazi bila kisu kupita, na mahali hapo pana habari za shingo na za ubongo. Ni nyuma ya mboni ya jicho.

Ateri inayolisha retina, ule utando unaopokea mwanga, ni tawi la ateri ya jicho. Ateri ya jicho nayo huchipuka kwenye karotidi ya ndani, mshipa mkubwa unaopanda shingoni kwenda kulisha ubongo. Basi damu ya jicho na damu ya sehemu kubwa ya ubongo hupita njia moja kabla ya kuachana, na njia hiyo ikisongwa, jicho huweza kutoa taarifa mapema. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyetangaza mwaka 1851 kifaa cha kutazama humo ndani, na kazi aliyoianzisha bado inataka subira ileile.

Nawaheshimu sana wanaoijua. Chumba hutiwa giza, tone la dawa huwekwa ili mboni ipanuke, kisha watu husubiri. “Mzee, tazama pale ukutani, usinitazame mimi.” Mpimaji hutumia jicho lake la kulia kwa jicho la kulia la mgonjwa, na la kushoto kwa la kushoto, la sivyo pua zitagongana. Huanza kwa mbali, akiona wekundu ukiwaka ndani ya mboni, kisha husogea polepole akitokea upande wa sikio mpaka nyuso zinakaribia kugusana. Akiunasa mshipa mmoja huufuata kama mvuvi afuatavyo kamba ya wavu, mkono kwa mkono, hadi kwenye kisahani cha neva ambako mishipa yote huingilia.

Hapo ndipo usomaji unapoanza. Kwa mtu mzima mwenye afya, ateri ina upana wa kama theluthi mbili ya vena iliyo jirani yake, na rangi yake ni angavu zaidi. Presha ikikaa miaka mingi, ateri husinyaa na ukuta wake huwa mzito, mpaka mng'ao wake unaelekea rangi ya shaba, na hali ikizidi, ya fedha. Ateri ngumu ikipita juu ya vena, vena hubanwa pale pale kwenye makutano. Tofauti hizi hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na mpimaji aliyezoea huziona kwa sababu hakuridhika na tazamo la kwanza.

Kuna dalili nyingine ninayoiona ya ajabu zaidi. Mwaka 1961 Robert Hollenhorst wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza vipande vidogo vya manjano vinavyomeremeta ndani ya ateri za retina, mara nyingi vikiwa vimekwama zinapogawanyika. Ni lehemu iliyomeguka, aghalabu kutoka kwenye karotidi yenye utando wa mafuta. Na karotidi ikisongwa sana, kufikia asilimia 90 hivi, vena za retina hutanuka na madoa ya damu hujitokeza. Madoa hayo hukaa mbali na katikati, kule ambako mpimaji mwenye haraka hafiki.

Fundi mzuri anajua pia mpaka wa kazi yake. Jicho haliuonyeshi mshipa wa ubongo wenyewe, na mtu anaweza kuwa na retina safi huku ateri ya kichwani imebanwa. Kwa hiyo hatangazi hukumu. Huandika kwamba shingo ipimwe kwa ultrasaundi, na ikilazimu kichwa kipigwe picha ya CT. Hata kamera mpya, zinazochora mtiririko wa damu katika mishipa midogo kabisa bila kuchoma sindano ya rangi, zinaongeza ushahidi tu. Uamuzi hubaki kwa anayesoma.

Je, ufundi huu unaweza kutoka hospitali kubwa ukafika vijijini? Kenya imetupa jibu la kutia moyo. Huko Nakuru, Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu kifaa kinachovikwa kwenye simu ili kupiga picha ya kisahani cha neva, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Picha za mtu asiye na uzoefu wowote wa tiba ya macho zilikaribiana kwa ubora na za mpigapicha mzoefu. Walikuwa wakitafuta magonjwa ya macho, si ya ubongo, lakini mlango ni uleule. Simu hufika hata kwenye fukwe wanakoanika ndagala. Kinachobaki ni kumwandaa msomaji wa picha, na hilo si kazi ya wiki moja.

Ndugu msomaji, ukiwa na presha au kisukari, omba utazamwe nyuma ya jicho hata kama unaona vizuri. Na jicho moja likizibwa na giza ghafla, kisha likafunguka baada ya dakika chache, usiseme ni uchovu wa taa za kuvulia usiku. Nenda hospitali siku hiyohiyo.