Zeiss Ikon na Leica: Kuikagua Kamera ya Kipimaumbali

Kamera ya kipimaumbali hailengi kwa kupitia lenzi yake. Usoni ina vidirisha viwili: kikubwa cha kutazamia, na kidogo, kilicho mbali kidogo, kinacholeta taswira ya pili katikati ya ile ya kwanza. Lenzi ikizungushwa, taswira ya pili inatembea. Zikilaliana, kitu kimelengwa. Ubora wa kamera ya aina hii umo zaidi katika doa hilo dogo la kati, na anayeinunua kwa kusoma jina lililochongwa juu yake ameanzia mwisho.

Jina kubwa ni Leica. Mshindani wake, kamera ya Zeiss Ikon, ilitangazwa mwaka 2004 katika maonyesho ya Photokina mjini Cologne. Iliundwa Japani na kampuni ya Cosina, nayo inapokea lenzi zilezile za Leica M. Ushindani wenyewe ni wa zamani: Leica II na Contax ya kampuni ya zamani ya Zeiss Ikon zilitoka mwaka mmoja, 1932. Zeiss Ikon hii ya mwaka 2004 haitengenezwi tena, hivyo inayopatikana leo imekwisha kupita mikononi mwa watu, na haifai kununuliwa bila kukaguliwa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kushika kamera. Umbali kati ya vidirisha viwili huitwa msingi. Macho yaliyoachana hupima umbali vizuri kuliko yaliyosongamana. Vidirisha navyo ni hivyohivyo. Lakini taswira ya kidirishani kwa kawaida ni ndogo kuliko vile jicho tupu linavyoona, kwa hiyo msingi huzidishwa kwa kiwango cha ukuzaji. Zeiss Ikon ina msingi wa milimita 75 na ukuzaji wa 0.74: jumla 55.5. Leica MP ya kawaida ina 69.25 na 0.72, yaani karibu 50. Bessa R2A, iliyotoka kiwanda kimoja na Zeiss Ikon, ina 37 na 0.7: haifiki 26. Kwa lenzi ya milimita 35, hata hiyo 26 inatosha kabisa. Kwa lenzi ya milimita 90 iliyofunguliwa hadi f/2 haitoshi, kwani jicho litalengwa na sikio ndilo litakalotoka kali. Kwa msingi, Zeiss Ikon imeishinda MP, ingawa Leica M3 ya mwaka 1954, yenye ukuzaji wa 0.91, bado inazipita zote kwa 62.

Hesabu hiyo ni ya karatasini. Kipimaumbali kilichoteguka hakina msingi wowote, na kuteguka huko huonekana barabarani. Mji wa Likasi, huko Kongo, una kifaa cha ukaguzi ambacho miji mingi haina: reli ya umeme ya kwenda Tenke, iliyowekewa nyaya katika miaka ya 1950. Nguzo zake zimesimama wima, zimepangana kwa mstari, na waya umepita mlalo juu yake. Lenzi inazungushwa mpaka mwisho, kwenye alama ya umbali usio na kikomo, kisha doa linawekwa juu ya nguzo ya mbali kabisa. Nguzo ikibaki moja, ni vyema. Ikionekana mbili, mkono wa ndani unaogusa lenzi umehama. Fundi huurekebisha kwa muda mfupi. Halafu doa linapandishwa kwenye waya. Waya ukionekana nyaya mbili, mmoja juu ya mwingine, kosa ni la wima, ambalo wanunuzi wengi hawalitafuti kwa sababu nguzo peke yake hailionyeshi. Mwisho, utepe wa fundi cherehani unavutwa mita moja kutoka usawa wa filamu, si kutoka kwenye kioo cha lenzi, kitu kilicho mwisho wake kinalengwa, na namba ya umbali kwenye lenzi inasomwa. Kamera inayokubali mbali na kukataa karibu haijapona.

Saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi, jua likiwa limeinama ndani ya vumbi, kuna jaribio jingine. Kamera inaelekezwa upande wa jua, pembeni kidogo. Katika Leica M6 iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, doa huweza kumezwa na mwanga mweupe likapotea, kasoro iliyotokana na kupunguza vioo vya ndani ili kubana gharama. MP ya mwaka 2003 iliirekebisha. Zeiss Ikon ina kidirisha kikubwa, angavu, chenye raha, na kwa mvaa miwani hakuna mjadala. Masika nayo huacha kuvu ndani ya vioo: nyuzi kama za buibui, zinazoonekana tochi ikimulikwa kwa mshazari.

Katika shata, pazia lililo mbele ya filamu, mizani inarudi kwa Leica. Shata ya MP ni ya kitambaa, inaendeshwa na springi, na betri ikifa ni kipima mwanga tu kinachonyamaza. Ya Zeiss Ikon ni ya vyuma, inafika 1/2000 ya sekunde dhidi ya 1/1000, lakini inaongozwa na umeme: betri mbili ndogo za kidonge zikiisha, kamera imekuwa jiwe. Kitambaa nacho kina adui wake. Lenzi iliyoachwa wazi ikitazama jua hukitoboa kama kioo cha kuwashia moto. Kwa hiyo lenzi inatolewa, na pazia linaangaliwa kwa mwanga kutafuta tundu.

Ganda linabaki la mwisho. Mfuniko wa MP ni wa mchanganyiko wa shaba na zinki, madini ambayo migodi ya Shituru na Kipushi inayajua vizuri, na rangi ikichubuka pembeni unjano hutokeza. Wakusanyaji huupenda unjano huo; haulengi chochote. Zeiss Ikon ni nyepesi zaidi, gramu 460 kwa 585, na mkononi inaonekana ya bei ndogo kuliko ilivyo. Mikwaruzo isimtishe mnunuzi. Mbonyeo juu ya kidirisha kidogo ndio wa kuogopwa, kwa kuwa pigo la pale husogeza kioo cha ndani, na kamera hiyo irudishwe kwenye nguzo za reli kabla pesa haijahesabiwa.