Namba na Mama Yake

Pembeni mwa ukurasa wa 37 kulikuwa na maneno matatu ya penseli nyekundu: "Mama yake nani?" Mshale mdogo ulitoka hapo ukaenda kuikamata asilimia moja iliyokuwa imejikalia katikati ya aya, haina tanbihi, haina jedwali, haina mwaka. Nilidhani ni utani. Kumbe kila aliyewahi kufanya kazi na yule mama aliujua msemo huo. Namba isiyo na mama haiingii ndani.

Tulikuwa Morogoro. Waliopita kwenye wizara na taasisi za utafiti Tanzania wanajua maana ya "timu imejifungia Morogoro": ukumbi wa hoteli ya kadiri, nyaya za umeme zimebandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi zisikwaze watu, projekta inayonguruma, chai ya saa nne na vitumbua, na nje ya madirisha milima ya Uluguru ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuitazama. Mimi niliitwa kama mhariri wa lugha, mtu wa mwisho kuitwa na wa kwanza kulaumiwa. Yeye alikuwa mtakwimu mstaafu, ameletwa kupitia rasimu ya ripoti ya maendeleo kabla haijaenda kwa wadau. Tulimwita Mama tu. Vijana wenye shahada za uzamivu walimpa shikamoo wakiingia, na wakitaka kutoka waliaga.

Ripoti ya namna hii haianzi kwa kuandikwa. Kuna andiko dhana, kuna hadidu za rejea, kuna bajeti inayokatwa mara mbili, halafu wataalamu saba au wanane wanagawana mada, kila mmoja akaandike andiko lake la msingi. Kuna pia jedwali pana linaloitwa bango kitita, malengo kushoto, wahusika kulia, viashiria katikati. Sijakutana na mtu aliyelisoma lote, wala sijaona ripoti iliyothubutu kutoka bila hilo. Maandiko ya msingi yakishafika ndipo kazi inapoanza, maana yamekuja na sauti saba. Mtu wa kilimo anasimulia. Mtu wa afya anaorodhesha. Mchumi anaficha mtendaji: "ilibainika", "inapendekezwa", "hatua zichukuliwe", na huambiwi nani abaini, nani apendekeze, nani achukue. Kuzifanya sauti hizo ziwe moja ni kazi yangu, na siidharau. Lakini siku zile nne nilijifunza kwamba sauti moja ni jambo la pili.

Jambo la kwanza nililiona kwenye sentensi moja. Rasimu ilisema: "Umaskini Tanzania umepungua kwa kiasi kikubwa." Mimi nilikuwa nimeipita bila kusimama. Haikuwa na kosa la kisarufi.

Mama aliisimamisha kwa karibu saa nzima. Akaomba ripoti ya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, akaifungua mwenyewe. Kwanza akakata neno "Tanzania" akaandika "Tanzania Bara", kwa sababu utafiti ule haukuvuka maji. Zanzibar wana ofisi yao ya takwimu na tafiti zao. Kisha "umaskini" ukawa "umaskini wa mahitaji ya msingi", kwa sababu upo pia umaskini wa chakula, nao una mstari wake. Halafu akafika kwenye "kiasi kikubwa". Akauliza kikubwa kuliko nini. Kutoka 2007 hadi 2011/12 kiwango kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 34.4 hadi 28.2. Kutoka hapo hadi 2017/18 kilishuka hadi 26.4. Mteremko wa kwanza ni pointi sita na kitu kwa miaka isiyofika mitano, wa pili haufiki pointi mbili kwa miaka sita. "Sasa hiki kikubwa mnachokisema," akauliza, "ni kipi kati ya hivi?"

Hakuishia hapo. Akachukua kikokotoo cha mezani, kile cha vitufe vikubwa kama cha mwenye duka, akazidisha. Asilimia 28.2 ya watu milioni 43 na ushei ni watu milioni 12 hivi. Asilimia 26.4 ya watu milioni 52 na ushei ni karibu milioni 14. Kijana aliyeandika sura ile akakuna kichwa.

"Mama, sasa umaskini umepungua au umeongezeka?"

"Vyote viwili, baba. Kazi yako ni kumfanya msomaji avione vyote viwili kabla hajafunua ukurasa."

Sentensi iliyotoka pale ilisomeka hivi: kati ya 2011/12 na 2017/18, sehemu ya wakazi wa Tanzania Bara wasiomudu mahitaji ya msingi ilishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4, lakini kwa kuwa idadi ya watu iliongezeka, wasiomudu waliongezeka kutoka milioni 12 hivi hadi milioni 14 hivi. Kama mhariri ningeweza kusema ni ndefu. Nikaitafuta pa kukata, sikupaona. Haina kivumishi hata kimoja cha kupamba. Mpinzani hawezi kuichukua nusu akaenda nayo jukwaani, wala mtawala hawezi, maana kila nusu imeshikwa mkono na mwenzake.

Mchana, wengine walipokwenda kula, nilimuuliza kuhusu mama wa namba ile yenyewe. Akacheka, akaniambia mama yake ni daftari. Mdadisi anafika kwenye kaya iliyochaguliwa kwa sampuli, anaacha daftari la matumizi, na kwa siku kadhaa mfululizo kaya inaandika kila inachonunua na kila inachokula, hata kile ilichovuna yenyewe au kupewa na jirani. Inaonekana rahisi mpaka uanze kusoma madaftari. Watu hawanunui kwa kilo. Wananunua fungu la mchicha, kopo la maharage, sado ya viazi, debe la mahindi. Na fungu la Kariakoo si fungu la Kasulu. Yeye alianza kazi akiwa mdadisi, zamani za karatasi, kabla ya vishikwambi, akizunguka na mizani ya kuning'iniza kwenye mkoba: ananunua fungu sokoni, analipima, anaandika gramu. Bila gramu hakuna kalori, bila kalori hakuna mstari wa umaskini wa chakula, na bila huo huwezi kuupandisha kufikia mstari wa mahitaji ya msingi, ambao mwaka 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja, watoto wakihesabiwa kama sehemu ya mtu mzima. Gawanya kwa siku 30. Ni shilingi 1,644. Alinyamaza baada ya kuitaja, akamalizia chai yake.

Ndipo akanigeukia mimi. Katika kupunguza marudio, nilikuwa nimebadilisha "matumizi" mahali pamoja nikaweka "kipato", kwa kuwa aya ilikuwa na "matumizi" mara tatu na sikio langu lilichoka. Aliizungushia penseli nyekundu. Mkulima anayekula mahindi yake mwenyewe, akasema, msimu mzima anaweza asiingize senti, lakini anatumia. Utafiti umepima anachotumia, haujapima mfuko wake. Kwa ajili ya uzuri wa sentensi nilikuwa nimewabadilisha watu milioni kadhaa wakawa kitu kingine. Nilirudisha "matumizi". Bado liko mara tatu kwenye aya ile, na silionei aibu tena.

Sura ya mikoa ilikuwa na kazi ya namna yake, maana pale palikuwa na fahirisi ya maendeleo ya binadamu. Wazo hilo lilitoka mwaka 1990 kwa mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, aliyetaka namba moja itakayoweza kusimama mbele ya pato la taifa na kulipunguzia kiburi. Rafiki yake Amartya Sen alisita, akiona namba moja ni kuyabana mno maisha ya watu, kisha akakubali. Fahirisi inakaa juu ya mafiga matatu: umri wa kuishi, elimu, na kipato. Tangu 2010 mafiga hayo hayajumlishwi tena na kugawanywa kwa tatu. Yanazidishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha tatu. Tofauti yake ni ya jikoni kabisa. Zamani figa moja likiwa refu liliweza kufidia fupi, sasa moja likiwa fupi chungu kinainama. Kwa Mama hiyo ilikuwa namba yenye mama watatu, na kila mmoja alitaka aonyeshwe alikotoka na mwaka wake, maana umri wa kuishi wa mwaka huu ukiuoza kwa elimu ya miaka sita iliyopita, mtoto atakayezaliwa hutamjua.

Wiki chache baadaye kwenye kikao cha wadau, afisa mmoja wa mkoa alisimama amekasirika. Mkoa wake umewekwa chini ya jirani, na yeye anazijua shule zake. Nilitarajia Mama ajitetee. Alimpelekea karatasi yenye zile namba tatu na vyanzo vyake, akamwambia, "Baba, tuonyeshe tulipokosea, tutafuta." Afisa akaketi nayo. Baada ya mapumziko akarudi: takwimu ya elimu ilikuwa ya mwaka wa nyuma kuliko ulioandikwa. Alikuwa sahihi. Nafasi ya mkoa haikubadilika sana, lakini jedwali zima lilirudiwa usiku ule. Sijapata kumwona Mama amefurahi kama siku ile. Ni furaha ya fundi cherehani aliyeonyeshwa uzi uliolegea kabla nguo haijaenda harusini.

Namkumbuka kila ninapofungua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025. Maandalizi yake yalichukua zaidi ya miaka miwili na maoni yalitolewa na watu zaidi ya milioni 1.1. Wengi hubishana kuhusu malengo. Mimi huwafikiria makarani waliokaa na maoni hayo. Mtu akisema "tunataka barabara", unamweka kapu lipi? Uchukuzi? Pengine anachosema ni kwamba mkewe alijifungulia kwenye pikipiki akielekea hospitali, na barabara kwake ni afya. Uamuzi wa kapu ni wa sekunde chache, nao ukirudiwa mara laki kadhaa ndio unaozaa ile sentensi tulivu ya kwenye muhtasari, "wananchi wengi wametaka".

Na kwa desturi niliyoipata kwake, nilichukua kikokotoo. Dira inataka uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa dola 7,000 kwa mtu. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata watu milioni 143. Sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120, tukiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kasi hiyo ikipungua hadi 3, mwaka 2050 tutakuwa milioni 141. Kwa hiyo namba hizo mbili, mtu azipende asizipende, zinafahamiana. Kuna aliyekaa akazitambulisha.

Siku ya kuondoka Morogoro tulirudi Dar es Salaam kwa gari moja. Kabla ya Chalinze alimwomba dereva asimame kwenye vibanda vya nyanya. Fungu lilikuwa la shilingi elfu moja. Alilichukua, akazipanga nyanya kwenye kiganja moja moja, akafungua kidaftari chake.

"Mbona nne? Mwezi uliopita zilikuwa sita."

"Bei ni ileile, mama," muuzaji akasema.

"Naona," akajibu, akaandika, akalipa.