Nasifu Mikono

Mwendesha baiskeli wa Tunduma hulisikia lori kabla hajaliona. Mngurumo wa injini nyuma yake humwambia kama ni tupu linarudi Dar es Salaam au limesheheni linaelekea Zambia na Kongo, na kwa kusikia huko tu anajua upepo gani unakuja. Lori likifika ubavuni, upepo humsukuma nje ya lami. Trela ikimaliza kupita, hewa humvuta arudi barabarani, pengine mbele ya lori la pili. Aliyefunga magunia ya mkaa kwenye keria hana nafasi ya kuwaza. Hulegeza viwiko na kuuacha usukani ucheze kidogo viganjani. Mgeni hukaza mikono, na mkazaji ndiye anayeishia mtaroni.

Wanaosifu mbio za baiskeli husifu mapaja na mapafu. Ni haki yao, maana nguvu hupimika. Mimi nasifu mikono, na ubora wake huuona zaidi kwa mtu aliyeanguka vibaya kisha akarudi mashindanoni.

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na mbio alifunzwa na David Kinjah, Mkenya aliyewalea vijana wengi wa baiskeli huko Kikuyu. Alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Tarehe 12 Juni 2019, mjini Roanne, Ufaransa, alikuwa akiikagua njia ya mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Baiskeli za mbio hizo zina magurudumu yenye rimu za kina kirefu zinazokata hewa vizuri mbele, lakini upepo wa ubavuni huzidaka kama tanga. Akiwa kwenye kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa, aliachia mkono mmoja apenge kamasi. Upepo ukalipiga gurudumu la mbele, akaenda kugonga ukuta. Alivunjika mfupa wa paja, nyonga, kiwiko na mbavu. Bingwa wa milima aliangushwa na kitu ambacho mbeba mkaa wa Tunduma hukutana nacho kila lori linapopita.

Mfupa una utaratibu wake wa kuunga. Msuli ulionywea hurudishwa kwa mazoezi yanayochosha hata kuyasimulia, basi niyaache. Froome alirudi kwenye mbio Februari 2020, katika Falme za Kiarabu. Kinachochelewa kurudi ni mkono. Mtu aliyewahi kuanguka huwa na vidole juu ya breki muda wote, na hapo ndipo hatari ilipo. Fundi wa kona hupunguza mwendo kabla ya kuingia, kisha huachia breki na kuelekeza macho anakotaka kutokea. Mwoga huingia kwa kasi, hushtuka katikati, hubana breki. Tairi la mbele, lililokuwa likikata kona kwa shida, sasa linatakiwa pia kusimama. Haliwezi yote mawili, linateleza. Woga wa kuanguka unamwangusha. Kuachia breki kwa hiari, baada ya kulala hospitali kwa sababu ya mwendo, ni jambo ambalo daktari hawezi kumfanyia mtu.

Ndiyo maana siku ya Froome ninayoipenda si mojawapo ya zile alizovaa jezi ya njano ya kinara wa Tour. Ni tarehe 14 Julai 2022, katika mbio hizo hizo. Froome alijitoa kwenye kundi kubwa kwenye mlima Galibier, na katika kuushuka akaungana na kijana Tom Pidcock, mmoja wa washukaji hodari kuliko wote duniani, na wawili hao wakawafikia waliotangulia. Kule Alpe d'Huez, mwisho wa mbio za siku hiyo, Pidcock alishinda. Froome akawa wa tatu. Watu walihesabu nafasi. Mimi namhesabia ule mteremko.

Biniam Girmay wa Eritrea hakuumia kiasi hicho. Mei 2024 alianguka mara mbili siku moja katika Giro d'Italia, kwenye barabara iliyolowa, akajitoa. Tarehe 1 Julai, mjini Turin, alipita kwenye msongamano wa wakimbiaji karibu na mstari wa mwisho, bega kwa bega, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Akashinda nyingine mbili na kuondoka na jezi ya kijani ya pointi.

Wapo wanaosema Froome angestaafu palepale Roanne, kwa kuwa tangu Giro ya 2018 hakushinda tena. Sikubaliani nao. Ni hoja ya wanaodhani ufundi ni kombe.

Mkoani Songwe, iliko Tunduma, hoja hiyo isingepata msikilizaji. Anayeanguka kwenye mteremko wa Senjele, wilayani Mbozi, hupeleka baiskeli kwa fundi aliye chini ya mti. Fundi huipindua, hulizungusha gurudumu, hulegeza spoku za upande huu na kukaza za upande ule, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka rimu iache kuyumba. Mikono ya mwenye baiskeli haina wa kuinyoosha. Lakini mahindi yameshafungwa, mnunuzi yuko Mlowo, na mwenye baiskeli hajaulizwa kama yuko tayari.